Shemeji Mwita, Lango Nililifungua Mimi

Shemeji yangu Mwita,

Usiushangae mwandiko, ni wangu mwenyewe. Nilijifunza kusoma nikiwa tayari bibi, katika kisomo cha watu wazima, nimebanana benchi moja na wake za wanangu, na mwalimu mwenyewe alikuwa kijana niliyewahi kumchapa kwa kuachia mbuzi waingie kwenye mtama wangu. Herufi zangu zinapanda kilima na kushuka, lakini zinasomeka. Mjukuu mmoja alitaka aniandikie. Nikamwambia akae mbali. Yeye angepamba, na haya si mambo ya kupamba.

Barua hii haina bahasha. Umekufa, umezikwa Kericho kwenye udongo wa watu, na huko uliko posta haifiki. Naiandika wazi ili asome yeyote anayetaka, waanze watoto wangu, kisha ukoo wote, kisha majirani ambao siku zote wanapenda kujua ya boma letu. Uongo waliusikia bure. Ukweli nao wausikie bure.

Nina aibu, Mwita. Nalisema hili mapema kwa sababu najijua. Nikichelewa nitaanza kugomba, na nikianza kugomba nasahau nilichokuja kusema.

Wewe unakumbuka tulivyotoka Turwa. Mwingereza bado alikuwa anatawala, na baba yenu alikuwa mwanangwa wake, mkuu wa kijiji. Sisi Wakurya hatukuwa na wafalme, lakini yule mzee alivaa koti la serikali hata jua likiwaka, na watu walimwamkia kama mfalme. Chacha mume wangu ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa nyumba kubwa. Boma lilikuwa lake, kila mtu alijua. Lakini mke mdogo alikuwa amemuuguza mzee mwaka mzima, na mzee, kwa homa yake, akamwahidi kwamba akipona atampa chochote atakachoomba. Akapona. Na yule mama akaomba: Chacha aondoke, mwanawe yeye akae.

Ahadi ya mgonjwa ndiyo iliyotutoa. Chacha hata hakubisha. Alisema, "Neno la tata, baba yetu, ni neno," akachukua ng'ombe aliogawiwa, akaambiwa aende huko Mbalibali, upande wa Serengeti, kwenye nyasi nyingi na watu wachache.

Wewe hukufukuzwa na mtu, Mwita. Hilo nataka lisomwe polepole. Ulikuwa na kibanda chako, ulikuwa na msichana wako wa upande wa Sirari, ng'ombe wa kwanza wa mahari walikuwa wameshafika kwao. Ninamsikia Chacha mpaka leo akikuambia:

"Mura, mdogo wangu, baki. Una mke wa kuoa."

"Atasubiri."

"Na asiposubiri?"

"Basi hakuwa wangu. Na wewe nani atakusaidia kuswaga ng'ombe? Huyu mke wetu anayegombana hata na mawe?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikakutukana, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Na mawe uliyapata. Nilikataa katakata kuacha jiwe langu la kusagia. Ulisema, "Mke wetu, Mbalibali nako kuna mawe." Nikasema, "Kuna mawe, lakini hili halipo." Ukalibeba kichwani siku zote tano za safari, juu ya kata ya majani, unaswaga ng'ombe na fimbo huku shingo imeingia mabegani kama kobe. Hukulalamika. Ulikuwa unanishukuru tu kila tukipumzika: "Asante mke wetu, leo jiwe limenenepa." Mtoto wangu Nyamhanga alikuwa mgongoni mwangu, bado ananyonya.

Tulipofika tulijenga boma la miiba. Kibanda chako ukakiweka karibu na lango. Chacha alikuwa na mke na moto wa kuota. Wewe ulikuwa na mkuki na ng'ombe wa kusikiliza wakipumua. Asubuhi nilikuta kuni zimekatwa. Jioni nilikuta maji yamejaa. Nikienda kuoga mtoni ulisimama mbali, umenipa mgongo, unaimba kwa sauti ili nijue ulipo na wengine wajue upo.

Sasa niseme la desturi, kwa ajili ya vijana watakaosoma na ambao siku hizi hawajui kitu. Kwetu mdogo wa mume anaruhusiwa kumtania mke wa kaka yake, kwa sababu kaka akifa, yeye ndiye anayeweza kumrithi yule mjane. Wengine hutania mpaka mume anakohoa. Wewe hukutania hivyo hata siku moja. Ukizungumza nami ulikuwa unatazama chini. Nilikuuliza siku moja:

"Wewe Mwita, una deni na miguu yangu?"

"Miguu yako haina maneno, mke wetu. Uso wako una maneno mengi."

Ukaona visigino vyangu vimepasuka, na kesho yake ukaniletea ndara za ngozi ya ng'ombe, ulizozikata bila kunipima. Zilinienea. Chacha alipoziona alisema tu, "Na mimi je?" Ukamwambia yeye miguu yake ni ya ukoo, imeshakuwa ngozi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, misimu miwili ya mtama. Ungekuwa umeniuliza wakati ule kama wewe ni mtu mwema, ningekuambia wewe ni kama mlango: unapita hapo kila siku, huuoni. Hiyo ni aibu ya kwanza, na ndiyo ndogo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana mweupe. Mtamba wangu mweupe, yule niliyempenda kuliko watu wengine, alipotea kule ng'ambo ya kijito. Chacha alisema atamtafuta kesho, kwa sababu kulikuwa na habari za wezi wa ng'ombe wanaozunguka. Mimi nikaanza. Nilimwambia mwanamume gani anaogopa nyasi. Nilimwambia ndiyo maana boma la baba yake liko kwa mwana wa mke mdogo. Akachukua upinde. Alipofika langoni akakuambia:

"Mura, usimwache Bhoke na mtoto. Hata ukisikia nini."

Kila mtu wa nchi ile alijua wezi walivyofanya kazi yao. Mmoja anapiga yowe upande huu, wanaume wanakimbilia huko, wenzake wanaingia upande ule. Nilijua na mimi. Sijifichi nyuma ya ujinga.

Na yowe likaja, kutoka kijitoni. "Mwitaaa! Nakufaaa!"

Uliinamisha kichwa, ukasikiliza. Ukasema, "Si kaka."

"Ni yeye! Hujui sauti ya kaka yako?"

"Naijua kuliko wewe. Kaka hasemi 'nakufa.' Kaka akivunjika mguu husema, 'Kuna kitu kidogo hapa.'"

Ungenijua vizuri ungenizaba kofi na kunifungia ndani. Lakini ulisimama pale na utulivu wako, na utulivu wa mtu mwingine mimi hunichoma kuliko moto. Nikakuita mwoga. Hukujibu. Nikakuita mbwa wa langoni. Hukujibu. Ndipo nikasema. Naandika hapa kama nilivyosema, maana sijawahi kuliandika wala kulisema tena kwa mtu yeyote mpaka wiki iliyopita:

"Najua unachongoja. Unangoja afe, unirithi."

Vijana, neno hilo halitamkwi mume akiwa hai. Mwanamke akilitamka amemwitia mumewe kifo kwa kinywa chake. Wazee wakilisikia, mwanamke hurudishwa kwao, ng'ombe wa mahari hurudi nyuma yake, na mtoto hubaki kwa baba yake. Hakuna wa kumtetea.

Siku hiyo, Mwita, ndipo uliponitazama usoni. Mara ya kwanza na ya mwisho. Sikuona hasira, ningeona hasira ningeshukuru. Ulinitazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta nyumba haipo.

Ukachukua mkuki. Ukasema, "Nikitoka, vuta mti wa lango. Usimfungulie mtu. Hata akiwa mzee. Hata akiomba maji." Ukaenda.

Lango letu lilikuwa mti mzima wa miiba, matawi nje, shina ndani, ambao mchana tuliuacha kando. Aliye ndani anavuta shina na matawi yanaziba. Aliye nje hawezi kuushika bila kuchanika. Nikauvuta. Hapo nilikuwa bado mtu mwenye akili.

Haukupita muda akaja mzee na fimbo, anayumba, anaomba maji. Nilimwona kupitia miiba. Nilikumbuka ulichoniambia, neno kwa neno. Na kwa sababu uliniambia wewe, na kwa sababu nilikuwa nimekutukana na sasa moyo wangu unanisuta, nikasema moyoni: nani huyu wa kunipangia nani anywe maji kwangu? Nikalisukuma shina kwa nguvu zangu zote. Mti ukatoka nje.

Yule mzee hakuwa mzee. Na hakuwa peke yake.

Nilijifungia ndani na Nyamhanga, nikasikia kwato mpaka zikaisha. Sitaeleza zaidi. Hakuna aliyenigusa, ng'ombe ndio waliotakiwa. Jua lilikuwa bado juu Chacha aliporudi anamvuta mtamba mweupe kwa kamba, na wewe nyuma yake unahema. Hakuwa amepiga yowe lolote. Alikuwa hata hajalisikia.

Akakuuliza, "Kwa nini uliondoka?"

"Nilisikia sauti."

"Nilikuambia hata ukisikia nini."

Ukatazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, mtoto kwenye ziwa, na kinywa hiki ambacho hakijawahi kukosa neno kikawa kimekauka kama kibuyu cha zamani.

Wazee waliitwa kutoka Turwa, na baba yenu akaja na koti lake. Wakakaa. Wakauliza ng'ombe wote wale wametokaje bila mtu kupigwa mkuki. Halafu baba mkwe akanigeukia, tena kwa upole, hakuwa na kawaida ya upole:

"Mke wetu, lango ulilikutaje?"

Nikasema, "Lilikuwa wazi."

Maneno mawili tu. Hawakuhitaji la tatu. Mmoja akasema, "Ameuza boma la kaka yake." Mwingine akasema alikuwa na wivu, ndiyo maana alimfuata huku porini, alikuwa anangoja nafasi. Walikuuliza una la kusema. Ukasema, "Sina." Baba yako akatema mate pembeni na kusema usikanyage tena penye nyayo za watoto wake. Chacha hakuinua kichwa.

Ulichukua mkuki na blanketi. Ulipita mbele yangu, ukatazama ndara nilizovaa, ukapita. Tulisikia baadaye kwamba umevuka mpaka pale Sirari, umekwenda Kericho kuchuma chai ya wazungu. Na yule msichana wako, ndugu zake walichoka kusubiri, wakamwoza kwingine.

Na wewe nawe! Kwa nini hukusema? Mdomo ulikuwa nao! Ungesema, "Muulizeni huyu aliniambia nini." Ungesema, "Tazameni huo mti." Miaka mingapi nimekugombeza kwa hilo, nikilima, nikisaga, nikigeuza ugali. Nilikuita mjinga. Ilikuwa rahisi kukuita mjinga kuliko kujiita mimi jina langu.

Kisha baba mkwe akafa, na yule mwana wa mke mdogo akashindwa na boma, akamwita Chacha mwenyewe arudi. Tukarudi Turwa. Nilikuwa na mimba ya pili. Nikaanza kupeleka samli Tarime mjini, kwa mama Mhindi mmoja mwenye duka, tulimwita Mama Jaya. Alikuwa mkali wa mizani na mimi mkali wa maneno, kwa hiyo tulielewana. Ukutani kwake kulikuwa na kalenda, na kwenye kalenda picha ya watu watatu porini: mwanamume na upinde mbele, mwanamke mzuri katikati, na nyuma kabisa mwanamume mwingine na upinde wake.

Nikamuuliza, "Huyu wa nyuma ni askari wao?"

"Hapana askari, mama. Hii ndogo yake. Mtoto ya mfalme. Kaka nafukuzwa, yeye nafuata."

"Alifukuzwa kwa nini?"

"Mke ndogo ya mfalme naomba. Mfalme nashaahidi zamani, hapana weza kataa."

Nikaweka kibuyu changu chini. Akaona nasikiliza, akavuta kigoda. Alitaja majina yao, ulimi wangu ukayakataa. Lakini yale mengine niliyashika yote. Kwamba hakuna aliyemtuma yule mdogo. Kwamba alikaa porini miaka kumi na minne, analinda kibanda cha kaka yake na mke wa kaka, halali. Kwamba siku moja walionyeshwa mapambo ya yule mwanamke, yaliyookotwa njiani baada ya yeye kutekwa, na kaka akamuuliza mdogo wake kama anayatambua, naye akasema bangili siijui, hereni siijui, nazijua hizi za miguuni tu.

"Kwa nini za miguuni?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Yeye hapana tazama uso ya mke ya kaka. Kila siku natazama miguu tu. Heshima."

Nikamuuliza kama mtoto wa mfalme hakuwa na mke wake mwenyewe. Mama Jaya akacheka, akasema alikuwa naye, alimwacha nyumbani, na watu wote wanasahau kuuliza habari za yule mke. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria yule msichana wa Sirari.

Akaendelea. Mnyama mzuri akapita, yule mwanamke akamtaka, akamsumbua mumewe mpaka akaenda kumwinda. Mdogo akaambiwa abaki alinde. Likaja yowe kutoka msituni, sauti ya kaka, na si kaka. Mdogo akakataa kuondoka.

"Sasa yule mama nakasirika. Nasema neno mbaya sana."

"Neno gani?"

Mama Jaya akatazama mlangoni kama kuna mteja. Hakuwepo. Akashusha sauti. "Nasema: wewe nataka kaka nakufa, wewe nachukua mimi."

Nilisimama, Mwita. Nilimshika mkono yule mwanamke wa watu. Nikamwambia, "Nani amekuambia mambo ya boma letu? Nani? Sema!"

Alishtuka, akajaribu kujitoa. "Mama, hii hadithi ya dini! Hii naandikwa zamani, kabla ya bibi ya bibi yangu!"

"Uongo! Kuna mtu amekuja hapa!"

Mumewe akatoka nyuma na kitambaa begani, anauliza kuna nini. Mama Jaya akamwambia kwa lugha yao, na akanitazama. Akaniangalia muda mrefu. Nadhani alielewa, kwa sababu hakunifukuza. Alisema tu, polepole, "Kaa, mama. Kunywa maji."

Sikukaa. Nilichukua kibuyu changu na samli yangu ndani yake, nikaondoka bila chumvi niliyoijia. Lakini nilipofika barazani nikarudi mlangoni. Nikamuuliza yule mwanamke wa kwenye picha kama baadaye alimwomba shemeji yake msamaha.

Mama Jaya akafikiri. "Yeye nalia sana. Najua makosa yake. Lakini kama naomba..." Akatikisa kichwa. "Mimi hapana kumbuka."

Nilitembea mpaka Turwa nikitukana njia nzima. Nilimtukana Mhindi, nilitukana kalenda. Watu niliokutana nao waliamini nimedhulumiwa kwenye mizani, na sikuwasahihisha. Unaona nilivyo? Hata hapo nilimwachia mwingine lawama. Sikurudi katika duka lile mpaka walipofunga na kuhama, na yule mama hakuwa amenifanyia lolote ila kunisimulia juu ya mtu mwema.

Lakini nilishajua. Kama watu wa mbali hivyo, wasiojua hata ugali, wamelihifadhi jina la shemeji wa namna ile mpaka wanalitundika ukutani, na sisi wetu tumemtemea mate, basi nani mshenzi? Nilijua, na sikusema. Nilikuwa na watoto. Nilikuwa na boma. Nilikuwa mke wa Chacha, mwanamke anayeheshimiwa, anayeitwa kwenye kesi za wake wenzake kusema nani ana makosa! Nilihukumu wanawake wa watu, Mwita. Niliwahukumu vikali.

Chacha aliishi mpaka akazeeka. Alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wake wa mwisho, asubuhi moja nimemtoa nje aote jua, namkanda miguu, nikasema: "Mume wangu, siku ile ya ng'ombe, lango nililifungua mimi."

Akasema, "Najua."

Nilifikiri ni homa. Akaendelea, macho yamefumba. "Mti haukuwa kando, ulikuwa nje, umesukumwa. Shina linatazama ndani. Mwizi hawezi kuusukuma akiwa nje. Niliona nikiwa bado sijamfungua yule mtamba kamba."

"Na hukusema!"

"Na Mwita hawezi kuacha lango mpaka asukumwe na ulimi. Nikajua ulimi ni wa nani. Ulilomwambia sikulijua, wala sikutaka kulijua. Lakini nilimtazama usoni, nikajua ni kubwa." Akapumua. "Ningesema mti, wazee wangekuuliza maneno. Na wewe ukichokozwa hunyamazi. Wangekurudisha kwenu. Yeye alijua. Alinyamaza ili ubaki. Na mimi nikanyamaza ili ubaki."

Nilimwuliza kama alipata kukupelekea neno Kericho. Alisema alikwenda mara moja mpaka Sirari, akasimama mpakani, akarudi. Hakuweza kufikiria aanze na neno gani.

Hivyo ndugu wawili waliokunywa maziwa ya mama mmoja walipotezana kwa ajili yangu. Na mimi miaka yote nilikuwa nawagombeza kwamba hawajui kusema.

Chacha alikufa. Ungedhani ningesema basi. Sikusema. Nilijiambia wewe nawe umeshakufa, tulisikia kwa watu wa mabasi, na wafu hawahitaji kitu. Ndipo mwezi uliopita akaja binti yako.

Anaitwa Ghati. Ana kimo chako na namna yako ya kusimama, mguu mmoja umepumzika. Alisema kwa Kiswahili cha kwao, "Sikuji kuomba shamba. Nimekuja tu kuona pahali baba alizaliwa." Nyamhanga wangu, ambaye siku ile alikuwa kwenye ziwa langu na sasa ana mvi nyingi kuliko mimi, alisimama mlangoni akamwambia: "Binti wa aliyeuza boma haingii boma hili." Nilimfundisha mimi. Nani mwingine amfundishe?

Nilikuwa nimekaa nachambua maharage. Aliniona juu ya bega la Nyamhanga. Akasema, "Shikamoo mama. Wewe ndiye mama Bhoke? Baba alisema nikifika nikusalimie wewe kabla ya wote."

Nikasema, "Marahaba."

Nikainamia maharage yangu.

Hiyo ndiyo aibu kubwa, Mwita. Ile ya ujana, mtu anaweza kusema ni hasira, ni utoto, ni hofu ya kurudishwa kwetu. Hii ya uzee haina mwenzake. Hakuna wa kunirudisha kwetu sasa. Kwetu kwenyewe hakuna mtu. Niliogopa nini? Niliogopa kuinua uso wangu mbele ya wake za wanangu. Binti yako akageuka, akashika njia ya stendi, na sikumpa hata maji.

Maharage yale sikuyala. Siku ya tatu niliwaita wanangu wote, na wake zao, nikawaambia kama nilivyoandika hapa. Nyamhanga akasema, "Mama, umezeeka, unachanganya mambo."

"Nachanganya? Nikuambie ulipofungia mbuzi wa jirani na kumla ukiwa na miaka tisa? Nachanganya?"

Wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Nikawaeleza habari ya mti wa miiba na shina. Nyamhanga ni mfugaji, alielewa kabla sijamaliza. Alikaa chini.

"Wangekurudisha kwenu," akasema.

"Ndiyo."

"Na sisi?"

"Wewe ungelelewa na mke mwingine. Hawa wenzako wasingekuwepo. Nyote mmezaliwa ndani ya kimya cha Mwita, na mnamwita mwuza boma."

 Baadaye yule mdogo wao akasema basi, limesikika, libaki hapa ndani, mama asijiaibishe bure mbele ya watu. Nikamwambia uongo nilioutoa mbele ya wazee wote hauwezi kurudi kwa kunong'onezwa jikoni. Ndiyo maana barua hii iko wazi. Ndiyo maana ukoo umeitwa Jumamosi, na mzee yeyote aliyebaki wa siku zile, hata akibebwa.

Nyamhanga ameondoka leo asubuhi kwenda Kericho kumchukua Ghati. Alinung'unika. Mimi sikujali, kunung'unika amerithi kwangu. Nimemwagiza asimwambie dada yake chochote njiani, kazi hiyo si yake. Akifika nitasimama mbele ya watu na kumtazama usoni, na nitamwambia nilichomwambia baba yake na nilichowaambia wazee. Akitaka kutema mate, ateme. Akitaka kurudi bila kuketi, nitamsindikiza kwa fimbo yangu mpaka stendi, na nitamlipia gari.

Wewe sikuombi msamaha hapa, Mwita. Kumwomba aliyekufa ni rahisi mno, hajibu. Nitamwomba yule anayeweza kunikatalia.

Pumzika, shemeji. Ulilinda vya kutosha.

Ni mimi, mke wenu,
Bhoke